Jicho la Kulia la Mwenyekiti

Jumamosi, saa moja na robo asubuhi, Injinia alikuwa amechuchumaa uani anasugua sufuria ya maharage iliyoungua, masizi yamempanda mpaka kwenye kiwiko, na mama yake alikuwa anafungua banda. Kuku walitoka kama kawaida yao, kwa kusukumana na kutukanana. Alitangulia jogoo, wakafuata mitetea watatu, akafuata yule mweupe asiye na mkia. Mwenyekiti alitoka wa mwisho. Alitoka kinyumenyume, akazunguka mara mbili, akakaa chini. Shingo yake ilikuwa imegeuka nyuma kabisa, kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani.

"Mama," alisema Injinia, "Mwenyekiti kageuka."

"Nimemwona. Maliza sufuria."

Injinia hakuwa injinia. Alikuwa msichana wa mwaka wa pili chuoni, anasomea upimaji wa ardhi, na yuko nyumbani likizo. Siku aliyoondoka na begi lake majirani walimuuliza mama yake mtoto anakwenda kusomea nini, mama akasema mambo ya kupimapima, wao wenyewe wakachagua jina. Mwenyekiti naye alipewa jina kwa sababu kuku wengine wakigombana alikuwa anakwenda kusimama katikati, hasemi kitu, mpaka wanaona aibu. Alikuwa jike mwekundu mwenye kola nyeusi, umri wake miaka sita. Baba yake Injinia alimleta akiwa kifaranga, ndani ya mfuko wa shati, siku ya mvua, wiki moja kabla moyo wake haujasimama akiwa kwenye foleni ya posta. Nyumbani yalibaki mengi ya baba: kiti chake, mkanda, redio inayoshika stesheni moja. Lakini vyenye uhai alivyoviacha vilikuwa viwili tu, na kimojawapo kilikuwa kinasugua sufuria.

Mama akamshika kuku, akamweka mapajani. Akamminya gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, tupu. Akatazama kinyesi, kizuri. Akamgeuza shingo kwa vidole viwili, taratibu, na shingo ikaja bila ubishi, halafu alipoiachia ikarudi ilikotoka, polepole, kama mlango uliotundikwa vibaya. Akamwekea chenga za mahindi miguuni. Mwenyekiti alizitaka, hilo lilionekana. Akadonoa. Lakini chenga zilikuwa mbele na kichwa kilikuwa nyuma, kwa hiyo alidonoa hewa, mara tisa, kisha akaacha.

Juu ya ukuta kikatokea kichwa cha Ba'mdogo. Ba'mdogo alikuwa mdogo wake marehemu, na nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka, mtu ambaye gunia likipungua konzi moja alijua kwa kusikia tu linavyotua.

"Shemeji, huyo mchinjeni kabla hajajifia. Mdondo huo! Utafagia uwanja mzima."

"Nimemwita bwana mifugo."

"Bwana mifugo wa nini na sufuria ipo?"

"Sufuria yenyewe imeungua, shemeji."

Ba'mdogo akacheka, akashuka. Alikuwa na furaha tangu jana yake. Ijumaa hiyo fundi alimaliza kumwekea vigae sebuleni, akigonga kwa nyundo ya mpira tangu asubuhi mpaka jioni, mpaka maji kwenye ndoo za kina Injinia yakawa yanatetemeka.

Bwana mifugo alifika saa nne kwa baiskeli, na boksi la chanjo limefungwa nyuma kwa mpira. Alikuwa mrefu, mwembamba, ananukia dawa ya kidonda. Akampima Mwenyekiti joto, akamfungua mdomo, akapuliza manyoya ya kifuani, akasikiliza mgongo kwa sikio lake mwenyewe kwa sababu kifaa alikuwa amekiacha kwa mbuzi mmoja.

"Siyo mdondo," alisema. "Homa hana, mabawa hayajalegea. Kugongwa hakugongwa. Anaangalia kitu."

"Kitu gani?" aliuliza Injinia, na kalamu alikuwa nayo tayari mkononi.

Bwana mifugo akamweka kuku kwenye kiganja, akaanza kumzungusha. Mwili ukazunguka, kichwa hakikuzunguka. Kilibaki pale pale kama kimepigiliwa msumari hewani, na shingo ikajisokota kama taulo linalokamuliwa, mpaka ilipofika mwisho, akamrudisha upande wa pili isije ikakatika.

"Mnaona? Ugonjwa huu upo. Mwaka juzi kule ng'ambo ya daraja kulikuwa na ng'ombe anatembea kinyumenyume. Walimpa dawa za minyoo mpaka minyoo ikaisha kata nzima. Kumbe aliuzwa na kamba isiyokuwa yake. Kamba iliporudishwa kwa mwenyewe, ng'ombe akatembea mbele."

"Na huyu wetu?" aliuliza mama.

"Tafuteni anachoangalia. Kikiondoka, au yeye mwenyewe akikifikia, shingo italegea. Kwa sasa mpeni maji ya sukari na vitamini hizi kwa bomba la sindano, tone kwa tone, asipaliwe. Lakini sikilizeni, mama, kuku hana akiba mwilini. Siku nne. Tano, mkimbembeleza."

Akatoa daftari lake, na kwenye mstari wa ugonjwa akaandika: *anaangalia*. Halafu akapanda baiskeli akaenda kufuata kifaa chake.

Mchana ule walifanya lile ambalo mtu yeyote angelifanya. Walimweka Mwenyekiti katikati ya uwanja, wakafuata mdomo wake ulikoelekea. Mdomo ulielekea kwa fundi viatu, nyumba ya tatu. Fundi viatu hakukataa kukaguliwa. Aliwaingiza mpaka jikoni, akatoa nje saa ya ukutani, kioo, picha ya harusi yake na bakuli la gundi, akavipanga barabarani upande wa pili, halafu wote watatu wakarudi kumtazama kuku. Hakunyooka.

"Labda ni mimi," alisema fundi viatu, akaondoka yeye mwenyewe akaenda kukaa kwa shangazi yake mpaka jioni. Kuku hakunyooka.

Usiku Injinia alilala vibaya kwa furaha. Aliona haya kidogo kufurahi, maana kuku ni mgonjwa na mama hakumaliza chakula chake, lakini ukweli ndio huo. Miaka miwili darasani walikuwa wanapima viwanja ambavyo vilishapimwa, wanatafuta majibu ambayo mwalimu anayo mfukoni. Sasa kulikuwa na kitu mahali fulani duniani ambacho hakuna anayekijua isipokuwa kuku, na kuku alikuwa anakionyesha wazi wazi, bila kuchoka. Ukiwa na mshale mmoja unajua upande tu. Ukiwa na mishale minne kutoka sehemu nne, unajua mahali.

Jumapili asubuhi akatoka na dira ya chuo, protrakta, stuli, beseni na Mwenyekiti kwapani. Kituo cha kwanza kilikuwa mbele ya kinyozi. Akapindua beseni juu ya stuli, akamkalisha kuku, akalaza rula sambamba na mdomo wake, akapiga jicho kwenye dira.

"Injinia," kinyozi alisema kutoka mlangoni, mashine inalia mkononi, "huyo nimnyoe mtindo gani?"

"Mwache, tuko kazini."

"Chuoni ndiyo mnafundishwa kubeba kuku?"

"Huu ni upimaji wa pembetatu."

"Mimi nilidhani ni mchuzi."

Mteja wake akatoka akiwa amenyolewa nusu kichwa, akamshikia Injinia karatasi isipeperuke. Kinyozi naye akaomba duka lake lichorwe kwenye ramani, na liandikwe jina kwa herufi kubwa, kwa sababu ramani ya serikali ilikuwa imelisahau.

Kutoka hapo wakaenda mashine ya kusaga, kisha duka la dawa, kisha uwanja wa shule. Kote Mwenyekiti alifanya kazi yake. Injinia alimzungusha makusudi, akamficha kichwa ndani ya kitambaa, akamfunua, na kichwa kikarudi pale pale bila kukosea hata digrii moja. Wanafunzi wenzake wawili aliowakumbuka walikuwa hawawezi kushika chombo kwa utulivu namna ile.

Jioni akachora mistari minne kwenye karatasi ya grafu. Haikukutana. Mmoja ulikwenda makaburini, mmoja ukakata soko, wa tatu ukatumbukia mtoni, na wa nne ulitoka nje ya karatasi ukaendelea juu ya meza. Akafuta, akachora upya. Mistari ikatawanyika vile vile, kama ndugu waliogombea urithi.

Mama alikuwa anampa kuku maji ya sukari. Akamwinua kidogo juu ya mapaja kumpima kwa mikono.

"Amekuwa mwepesi," alisema. "Kama taulo kavu."

Jumatatu asubuhi Bibi alipita kwenye kilango chake akaja. Bibi alikuwa mama yao wote wawili, marehemu na Ba'mdogo. Alilala kwa mwanawe aliyebaki na kushinda kwa mkwewe, na kwa ajili yake ukuta ulikuwa umeachwa uwazi wenye upana wake yeye, pamoja na fimbo. Akakaa kwenye kigoda, akavuta ungo wa maharage mabichi, akaanza kumenya.

"Mke mwenzangu," alimwambia mjukuu wake, "mbona unalia?"

"Silii, Bibi. Mistari haikutani."

"Ipi?"

Injinia akampa karatasi. Bibi akaitazama juu chini kwa muda mrefu, kwa heshima.

"Na huu hapa ni nini?"

"Huo ni mdomo wake. Hapo ulipokuwa unaelekea nikiwa kwa kinyozi."

"Mdomo?" Bibi alicheka mpaka punje ya haragwe ikamruka mkononi. "Chuo kizima, na walimu wote wale, mnadhani kuku anaangalia kwa mdomo! Wewe macho yako yako mbele kama ya bundi, ndiyo maana unadhani kila mtu anaangalia mbele. Kuku macho yake yako mashavuni, mke mwenzangu. Akitaka kukuona vizuri, anakupa shavu. Huyu jicho la kushoto limelala tangu juzi. La kulia halijapepesa hata mara moja."

Akamwonyesha kwa kidole. Ilikuwa kweli. Jicho la kulia la Mwenyekiti lilikuwa wazi, la rangi ya chai, na halikuwa linaangalia kwa fundi viatu hata kidogo.

Halafu Bibi akakishusha kidole ghafla, kama mtu aliyefika stendi akakumbuka ameacha ufunguo mlangoni. Akageuza uso kule jicho lilikokuwa linaangalia, kwenye ukuta, akaurudisha. Akainamia ungo, akaanza kumenya maharage yaliyokwisha kumenywa.

Injinia hakumwona. Alikuwa ameshalala kifudifudi juu ya karatasi, protrakta mkononi, anaongeza digrii tisini kwa kila mstari, kuelekea kulia. Wa kinyozi. Wa mashine ya kusaga. Wa duka la dawa. Wa shule. Mistari minne ikaja mbio kutoka pande nne ikakutana mahali pamoja, kama watoto waliosikia chakula kimeiva. Mahali penyewe palikuwa padogo kuliko punje ya ulezi.

"Mama! Mama, njoo! Imekutana!"

Akapima kwa rula. Kutoka pale alipolala, kuvuka ukuta, ilikuwa hatua kumi na moja. Ilikuwa ndani ya nyumba ya Ba'mdogo. Na kwa kuwa mtu aliyesomea kitu hawezi kuacha, akakimbia chumbani, akatoa sanduku la baba, akatoa mchoro wa kiwanja uliopigwa mihuri miwili, akaulinganisha. Mchoro ulikuwa na pembe nne, na kila pembe ilikuwa na jiwe la mpaka lenye namba yake. Matatu aliyajua, alikuwa anayakalia utotoni. La nne, ambalo enzi hizo lilifichwa na majani, lilikuwa pale pale ilipokutana mistari. Ukuta ulipaswa kupita juu ya jiwe hilo. Ulikuwa unapita hatua sita upande wa huku, na kati ya jiwe na ukuta kulikuwa na mlimao, bomba la maji, na nusu ya sebule ya Ba'mdogo.

"Bibi," alisema, "hili jiwe la nne..."

"Maharage haya yana wadudu," alisema Bibi.

Mama alikuwa amesimama nyuma yao na ndoo mkononi. Akautazama mchoro, akaitazama grafu. Akaweka ndoo chini.

"Mchukue kuku," alisema. "Twende."

"Ba'mdogo yuko kazini. Tutaingiaje sebuleni kwa mtu mwenyewe hayupo?"

"Adabu baadaye. Leo ni siku ya tatu."

Ma'mdogo, mke wa Ba'mdogo, aliwapokea vizuri. "Viatu, jamani, vigae!" alisema, na wakavua viatu, na kuku naye akapanguswa miguu kwa kitambaa chenye maji. Vigae vilikuwa vya rangi ya maziwa na kila kimoja kilikuwa na ua katikati. Ma'mdogo alikuwa anataka sana mtu wa kuvionyesha, kwa hiyo hakuuliza kuku amekuja kufanya nini mpaka alipomaliza kueleza fundi alivyovikata kwenye kona.

Injinia alimbeba Mwenyekiti kama sinia la glasi. Kadiri walivyosogea, shingo ilikuwa inalegea. Walipofika kwenye kochi la watu watatu, jicho la kulia lilishuka, likaangalia chini ya kochi.

"Ma'mdogo, tusogeze hili."

"Sogezeni, mradi lisikwaruze."

Wakalisogeza. Mwenyekiti akawekwa chini. Akapiga hatua mbili, akateleza kidogo, akajirekebisha, akasimama juu ya kigae kimoja ambacho hakikuwa na tofauti yoyote na vingine. Akainamisha kichwa. Akaangalia chini, moja kwa moja, kwa jicho la kulia. Na kwa kuwa kitu alichokuwa anakiangalia sasa kilikuwa chini ya miguu yake, shingo yake ilikuwa imenyooka kabisa, mahali ambapo shingo ya kuku inatakiwa kuwa wakati wa kula.

Ma'mdogo alikuwa na vipande vya biskuti mfukoni mwa aproni. Akavimwaga. Mwenyekiti akala. Akala biskuti, akala konzi ya mchele, akala nyingine, na wanawake watatu wakasimama kumtazama, huku Bibi akiwa amebaki mlangoni, hajavua viatu.

Kwa ajili ya uhakika Injinia alimhamishia kigae cha pili. Shingo ikageuka, akadonoa hewa. Akamrudisha. Akala.

"Basi tu anapapenda hapo," alisema Ma'mdogo.

Ba'mdogo alirudi kula chakula cha mchana saa saba kamili, na vumbi la mahindi kwenye nyusi. Alikuta kochi lake limesogezwa, mchoro wa kaka yake umetandazwa mezani, na kuku yuko katikati ya sebule anakula mchele.

"Kuku wa nani huyu juu ya vigae vyangu?"

"Wa kaka yako," alisema mama.

"Ba'mdogo, njoo uone!" Injinia alimvuta mkono mpaka mezani. "Mistari minne, vituo vinne, angalia inavyokutana! Kosa halifiki hata sentimita kumi! Na nimetumia rula ya kawaida tu, na nikalinganisha na mchoro wa baba, na..." Hapo ndipo aliposikia anachokisema. Alikuwa ameweka kidole juu ya karatasi, kwenye nukta, na nukta ilikuwa ndani ya nyumba waliyosimama. Akakiondoa kidole taratibu.

Ba'mdogo aliinama. Alitazama karatasi kama anavyotazama mizani, bila kupumua. Alifuata kila mstari mpaka mwisho.

"Kazi nzuri," alisema, na alimaanisha. "Umepima vizuri sana, mwanangu. Nilisema mimi, mtoto huyu asomee upimaji. Nilisema au sikusema?"

Alisema kweli. Fomu yenyewe ya chuo aliijaza yeye, kwa mwandiko wake mzuri.

"Shemeji," alisema mama, "jiwe liko hapo chini?"

"Lipo. Halijaguswa. Kung'oa jiwe la mpaka ni jinai, shemeji, na mimi siyo mwizi. Liko pale pale lilipowekwa na serikali."

"Kumbe ukuta ndiyo umetembea."

Alijibu Bibi, kutoka mlangoni.

"Kamba ya fundi wa ukuta niliishika mimi," alisema. "Wiki ile nilikuwa nimezika mmoja. Huyu aliyebaki akaniambia, mama, sogea kidogo. Nikasogea. Akasema sogea tena. Nikasogea." Akahesabu kwa vidole vya mkono usio na fimbo, vikamwishia, akarudia cha kwanza. "Mara sita. Ningemwambia nini? Nilikuwa nimebaki na huyo huyo tu."

"Miaka sita," mama alisema, "nabisha hodi na ndoo, asubuhi na jioni. Bombani kwangu mwenyewe."

"Na siku gani umenyimwa maji?" aliuliza Ba'mdogo. "Sema, shemeji. Siku gani?"

Mama alifikiria kwa haki. "Hakuna," alisema.

"Haya. Ukuta umeshajengwa. Vigae ni vya juzi, hata havijakauka vizuri. Tuvunje, halafu? Tukae kwenye vumbi wote?" Alimtazama kuku, na uso wake ukalainika, maana hakuwa mtu mbaya, na kuku alikuwa anakula kwa bidii ya kutia moyo. "Lakini huyu, nani atamnyima? Huyu ni mkono wa kaka. Aje ale. Asubuhi, mchana, jioni, mlango uko wazi. Hapa ni kwenu."

Injinia alimtazama mama yake. Mama alikuwa anamtazama kuku. Gole lilikuwa limejaa, limetokeza upande mmoja kama ngumi ndani ya soksi, na kwa siku tatu kitu hicho ndicho mama alichokuwa anakitaka, hakuna kingine. Akamwinua, akamminya gole kwa vidole viwili.

"Tutamleta saa kumi na mbili," alisema.

Na wakamleta. Bwana mifugo alipita Jumatano, akamtazama mgonjwa nje na ndani, akafungua daftari, na mbele ya lile neno lake akaongeza: *amekifikia, kwa vipindi*. Nje Mwenyekiti aliendelea kutembea kiupandeupande, shavu la kulia limeelekea ukutani, na kuku wengine wakazoea kumpisha. Mara tatu kwa siku alivushwa kwenye kilango kwapani mwa mtu. Ndani ya wiki mbili alikuwa amerudisha uzito wake, na Ba'mdogo ndiye aliyewaambia hivyo. Alikuwa amemkadiria kwa kusikia anavyotua.

Kabla ya kurudi chuoni Injinia alikwenda ofisi ya ardhi na karatasi zake zote ndani ya bahasha ya kaki. Karani wa pale aliipenda sana grafu. Alimwita mwenzake aje kuiona. Kisha akachukua fomu, akauliza vipimo vimechukuliwa kwa chombo gani.

"Dira, rula na kuku," alisema Injinia.

Karani akapitisha kidole kwenye orodha ya vyombo, akarudia, akaandika kuku chini ya *vinginevyo*. Akauliza kama kuna upande wowote unaolalamika. Injinia akasema mama yake hajasema lolote, Bibi ameomba asiulizwe, na Ba'mdogo ameridhika. Karani akasema kwa maelezo hayo ardhi iko salama, akagonga muhuri, akaliweka faili juu ya mafaili mengine, na yale ya chini yakatoa vumbi kidogo.

Jumapili ya mwisho ya likizo kaka yake Ma'mdogo alikuja kutembea na mkewe. Walikaa kwenye kochi la watu watatu, wakapewa chai. Saa saba mama yake Injinia akaingia na kuku, akasalimia. Ba'mdogo akasimama, akalivuta kochi na wageni wakiwa juu yake, akatandika gazeti pembeni, akamwaga chenga juu ya kigae, akarudi kukaa. Alifanya yote hayo bila kukatisha habari aliyokuwa anaisimulia.

Mgeni alimtazama kuku kwa muda.

"Shemeji, huyu kuku wako?"

"Hapana. Wa marehemu kaka."

"Ahaa." Akanywa funda moja. "Na hapo anapokula, pa nani?"

Mama yake Injinia alikuwa amesimama mlangoni, anasubiri kuku amalize. Injinia alikuwa nyuma yake. Bibi alikuwa kwenye kiti chake na kikombe mkononi, na alikuwa anapuliza chai iliyokwisha kupoa.

Punje moja ilirukia chini ya meza. Ba'mdogo akapiga magoti, akaiokota, akairudisha katikati ya kigae, akapangusa mikono.

"Kunywa chai, shemeji," alisema. "Inapoa."

Mgeni akanywa. Mwenyekiti akainamisha kichwa, akaangalia chini, akaendelea kudonoa.